Baba wa Sungura Namba Arobaini na Moja

Nimestaafu wiki tatu zilizopita. Mlinipa saa ya ukutani na seti ya sufuria, nami nawashukuru. Rehema, ambaye sasa ndiye mtunza daftari, aliniletea na kazi ya mwisho: kadi kumi na mbili za ukoo nizitie sahihi. Kwa wageni wa kazi hii, kadi ya ukoo ni kipande cha karatasi ngumu kinachotaja wazazi, babu na bibi wa sungura mmoja, na wazazi wa hao pia, vizazi vitatu nyuma. Sungura asiye na kadi ni kitoweo. Mwenye kadi ni mbegu. Hao kumi na wawili wanakwenda kuanzisha kituo kingine mkoani, na kila kadi inasema wametoka katika ukoo safi wa dume aliyeitwa Moti.

Nilimwambia Rehema nitazirudisha Jumatatu. Jumatatu tatu zimepita. Kadi ziko hapa mezani na nimechoka kuziangalia, kwa hiyo naandika yote tangu mwanzo, kwa utaratibu niliofundishwa.

Nilianza kama karani katika ofisi ya mifugo ya mjini, na kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa kumfukuza mtu. Wakazi wa Mtaa wa Msimbazi walikuwa wamelalamika kwamba nyuma ya duka moja la makufuli na bawaba kuna wanyama wanaonuka. Nilipewa ilani iliyopigwa chapa, nikaenda nayo mkononi. Mwenye duka alikuwa Mhindu mfupi, mwembamba, anayevaa miwani iliyofungwa uzi. Watu walimwita Kantibhai. Aliisoma ilani yote, pande zote mbili, pamoja na upande usioandikwa kitu.

"Umekuja kufukuza sungura," akasema.

"Ndiyo."

"Umewahesabu?"

"Bado."

"Basi hesabu kwanza, ili ukirudi ofisini ujue umefukuza wangapi."

Uani mwake palikuwa safi kuliko ofisi yetu. Harufu ilitoka kwa jirani aliyelalamika, aliyekuwa akianika ngozi za mbuzi juu ya bati. Nilihesabu sungura ishirini na wanne, wote weupe wa macho mekundu. Kantibhai akasema wako thelathini na mmoja, nirudie. Nilirudia, nikapata ishirini na wanne tena. Ndipo aliponishika mkono, akauingiza ndani ya sanduku la kuzalia, chini ya manyoya ambayo jike alikuwa ameyanyofoa kifuani mwake. Nilihisi vitu vya moto, vyenye ngozi laini, vikisukumana kwenye vidole vyangu. Saba. Nilirudi ofisini saa tisa alasiri nikaandika kwamba kero imekaguliwa na inatokana na ngozi. Jioni nilirudi kwake.

Kwa miaka iliyofuata nilikuwa kwake kila nilipotoka kazini. Kantibhai hakula nyama wala samaki, hata yai hakuligusa, na alifuga sungura kwa ajili ya maonyesho tu. Alinifundisha kupuliza manyoya ya mgongoni: yakifunguka kama ua na kurudi polepole, ni mazuri, yakirudi kwa haraka, ni ya kawaida, yasiporudi, anaumwa. Alinifundisha kukagua kucha moja moja, maana ukucha mmoja mweusi kwenye sungura mweupe unamtoa mashindanoni hata awe mzuri namna gani. Jike hupelekwa kwenye kizimba cha dume, kamwe si dume kwa jike, kwa sababu jike hutetea kwake na atamng'ata dume mahali pabaya. Siku ya kumi na nne unapapasa tumbo la jike kwa vidole viwili. Kama kuna mimba, utasikia kitu kama karanga kwenye mfuko wa kitambaa. Majani ya kabichi tuliokota sokoni Kariakoo jioni, tukayaanika mpaka yanyauke, maana yakiwa mabichi hujaza tumbo gesi na sungura hufa akiwa ameketi.

Alama za sikioni alitia kwa koleo lenye vijisindano, na wino aliutengeneza mwenyewe kwa masizi na siki. Sikio la kushoto ndilo la namba. Kisha namba ilikwenda daftarini. Kwenye ubao wa kizimba tuliandika kwa chaki nani kapandwa na nani, na siku ya kutia alama, watoto wakiwa na wiki nane, habari ya ubaoni ilihamishiwa kwenye daftari kwa wino. Mara ya kwanza niliyoandika vibaya nilichukua wembe nikaanza kukwangua. Akaninyang'anya.

"Unafanya nini?"

"Nafuta kosa."

"Ukilifuta, atakayekuja baadaye atajuaje ulikosea wapi? Piga mstari mmoja katikati, kosa lisomeke. Juu yake andika lililo kweli. Weka jina lako."

Wale ambao hawakufikia kiwango hakuwachinja. Aliwaweka kwenye banda la nyuma, madume huku na majike kule, wakala na kulala mpaka wakafa kwa uzee. Mimi nililiita banda la wastaafu. Siku hizi sicheki tena.

Majengo ya kupangisha yalipotaifishwa, nyumba ya Kantibhai ilikuwemo. Hakulalamika mbele yangu. Alifunga duka pole pole, makufuli ya mwisho akayauza kwa mafungu, na akapata nafasi ya kwenda kwa mwanawe Uingereza. Siku tatu kabla ya kuondoka alinikabidhi sungura wote, koleo, na daftari lake la mambo ya kila siku, lililoandikwa Kigujarati tangu jalada hadi jalada. Moti wakati huo alikuwa dume kijana, na hakukuwa na kichwa kama chake mjini hapa.

"Sina la kukuomba," akasema, "ila moja. Hawa wa ukoo wa Moti wasichinjwe. Wengine fanya utakavyo."

"Hawatachinjwa."

"Hujafikiri, umejibu haraka."

"Nimefikiri, mzee."

Akafungua kizimba cha Moti, akampuliza manyoya ya mgongoni, akangoja yarudi.

Sungura hao ndio waliokuwa mbegu ya kituo chetu. Ilikuwa miaka ya kuhimiza kila kijiji na kila mtaa kujilisha, na mtu mmoja ofisini alikumbuka kwamba karani fulani anafuga sungura. Tulipewa ua nyuma ya bohari karibu na Kariakoo. Wavu wa waya haukupatikana, tukajenga vizimba kwa mbao za makasha ya chai na madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa. Mkuu wa kituo alikuwa Ndugu Aloyce, mtu wa Kilimanjaro, mwenye sauti kubwa na moyo usiokuwa na kinyongo. Kila asubuhi alipita akisalimia sungura kabla ya watumishi. Aliniuliza swali lile lile karibu kila wiki.

"Ndugu Hamisi, hapa tunafuga nyama au tunafuga masharubu?"

"Vyote, Ndugu Mkuu."

"Masharubu hayaungwi nazi."

Hakuwa na makosa. Kazi yetu ilikuwa kuzalisha na kupeleka vijijini. Lakini alipenda pia kushinda kwenye maonyesho ya mwezi wa saba, na kwa hiyo aliniachia pembe moja ya ua kwa ajili ya ukoo wa Moti. Niliuendesha kwa vitabu. Nilikuwa nimenunua vitatu vya Kiingereza kwenye meza za vitabu vikuukuu, nikavisoma na kamusi mpaka nikavijua kwa kichwa. Vilieleza vizuri sana jinsi ya kumkinga sungura na theluji. Daftari la Kantibhai nililiweka kwenye sanduku la bati pamoja na koleo. Nilijiambia ipo siku nitajifunza Kigujarati. Nilikuwa mtu wa kujifunza mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huona haya kuuliza.

Siku za maonyesho nitazigusa tu. Tuliwaosha miguu na kuwapaka unga wa mahindi manyoyani, kisha kuwapiga brashi, maana unga hubeba uchafu. Mwaka ambao unga ulikuwa wa foleni, mke wa mlinzi wa bohari alinikuta namkung'uta Moti, akaniambia kwamba kwake watoto wamelala na uji wa muhogo. Kuanzia hapo nilitumia vumbi la chokaa, na niliosha mikono yangu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa mwaka wa tano tangu Kantibhai aondoke. Madume yote mengine ya ukoo ule yalikuwa yamepelekwa vijijini kwa agizo. Pale kituoni alibaki Moti na majike watatu, wawili wakiwa wazee. Mwezi wa kwanza nilimpandisha kwa wote watatu. Alifanya kazi yake kama kawaida, akaanguka ubavu kwa mlio mdogo kama dume anavyofanya. Siku ya kumi na nne nilipapasa: hakuna kitu. Nilirudia. Hakuna. Ilikuwa joto la kuyeyusha gundi ya bahasha, na sisi wote tulikuwa hatuna nguvu, lakini hilo halikunipa wazo lolote.

Nilifanya alichopaswa kufanya mtu wa utaratibu. Kama kasoro iko kwa majike, dume mwingine naye atashindwa. Kama iko kwa dume, atafaulu. Nilitaka dume asiyelelewa kituoni, kwa hiyo nilikwenda Buguruni kwa Mama Zuhura, aliyeuza mkaa na kufuga sungura wa rangi zote chini ya kitanda cha kamba uani, kwenye mashimo waliyochimba wenyewe. Nilimwazima dume, kahawia, sikio la kulia limechanika.

"Bwana Sungura," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "leo wenye vyeti wamekuja kuomba kwa wasio na vyeti?"

"Ni jaribio tu, Mama Zuhura."

"Jaribio lina watoto. Mimi nachagua kwanza, wawili. Ndiyo desturi."

"Anaitwa nani?"

"Nani, huyu? Namwita Wewe."

Nilimpandisha kwa jike namba thelathini na tatu, aliyekuwa kijana kuliko wenzake. Siku ya kumi na nne nilipapasa nikasikia karanga, nyingi. Kwa hiyo jibu lilikuwa Moti. Niliandika kwenye taarifa ya mwezi kwamba dume amekwisha. Sikuandika kwamba achinjwe, lakini Ndugu Aloyce alikuwa na wageni wa mkoa wiki ile.

"Ndugu Hamisi, dume asiyezalisha anakula pumba ya umma."

"Huyu nilitoa ahadi juu yake."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe. Yule mzee wa makufuli."

"Ameandika? Analeta pumba kutoka Uingereza?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na sahani nane za kujaza. "Sikulazimishi. Wewe ndiye mtaalamu. Niambie tu, atazalisha tena au hatazalisha?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa, na nilikuwa na jaribio langu mkononi. Nikasema, "Hatazalisha." Nikatia sahihi hati ya kuchinja. Mchana niliketi mezani na wageni, nikala, kwa sababu sikutaka kuulizwa kwa nini sili.

Namba thelathini na tatu alizaa saba katikati ya mwezi wa tatu. Wanne kahawia, watatu weupe kama mama yao, maana weupe ukijificha ndani ya kahawia hujitokeza ukikutana na weupe mwenzake. Mama Zuhura alikuja kuchukua chaguo lake. Alichukua wawili kahawia.

"Hao weupe wenu wanachafuka, na mwewe anawaona toka mbali." Akamwinua dume mmoja mweupe kwa ngozi ya shingo, akamgeuza. "Lakini huyu, rangi tu ndiyo ya mama. Kichwa hiki baba yake mtupu."

Wale wawili wazee niliwajaribu kwa madume mengine ya kituo, wakatoka bure. Nilianza kupata mashaka. Jumamosi moja ya mwezi wa nne nilitoa daftari la Kantibhai kwenye sanduku la bati, nikaenda nalo kwa fundi saa mmoja, Bwana Pravin, aliyekuwa na kibanda hatua mia mbili hivi kutoka lango la kituo. Aliweka chini saa aliyokuwa ameifungua, akafunua kurasa kwa kidole kikavu.

"Huyu mtu ana mwandiko mzuri," akasema. "Unataka nini humu?"

"Habari za madume. Kutozalisha."

Alitafuta kidogo tu. Ilikuwa imerudiwa karibu kila mwaka, ikapigiwa mstari. Akatafsiri taratibu, akinitazama juu ya miwani. Mwezi wa kwanza mpaka wa nne, dume apumzishwe. Asipandishwe. Alazwe sakafuni penye gunia bichi na mtungi wa maji ubavuni. Joto huharibu mbegu, halimharibu dume. Baada ya mvua kubwa hurudi mwenyewe.

"Hurudi mwenyewe," nikasema.

"Ndivyo alivyoandika. Umekaa na kitabu hiki muda gani?"

"Miaka mitano."

"Na mimi nipo hapa tangu kabla ya hiyo mitano." Alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ungeuliza tu, ndugu yangu."

Jaribio langu lilikuwa limenionyesha kweli moja nikaisoma kama nyingine. Dume wa Buguruni alifaulu kwa sababu alikuwa wa ukoo uliozoea joto, mwenye shimo baridi la kulalia. Moti alikuwa anasubiri mvua.

Mwezi wa tano watoto walifikisha wiki nane. Nilikaa na koleo na wino. Yule dume mweupe nikampa namba arobaini na moja. Ubao wa kizimba ulisema: 33, dume wa Buguruni. Nikachukua daftari la nne la kituo. Tarehe niliziandika zote kama zilivyokuwa. Sikuwa na haja ya kuzigusa, kwani siku ile ya kupandisha, Moti alikuwa bado hai, kizimba cha pili kutoka hapo. Mahali pa baba nikaandika Moti. Nikafuta ubao kwa kitambaa.

Sitawaambia nilifanya hivyo kwa ajili ya maonyesho, ingawa bila kadi ya vizazi vitatu tusingeingia. Wala si kwa ajili ya Ndugu Aloyce. Wiki ile ilikuwa imefika barua kutoka Uingereza, kwa Kiswahili cha dukani, ikilalamikia baridi ya kule, na mwisho ikiuliza: Moti hajambo? Nilijibu kwamba Moti amekufa kwa uzee, na ameacha mtoto.

Mwaka uliofuata namba arobaini na moja alipata utepe wa kwanza. Mwamuzi alipuliza manyoya mgongoni, akasubiri, akapuliza tena. Mchana, umati ulipopungua, Mama Zuhura alikuja na khanga mpya, akasimama mbele ya kizimba. Alikuwa ameingia darasa la elimu ya watu wazima miezi minne kabla, na siku hizo alisoma kila alichokutana nacho, pamoja na viberiti. Akaweka kidole kwenye kadi.

"Mo-ti." Akarudia, asije akawa amekosea. "Moti. Moti ndiye nani?"

"Dume wa kituo. Wa zamani."

"Ndiye baba wa huyu?"

"Ndivyo kadi inavyosema, Mama Zuhura."

Alimtazama sungura, akanitazama mimi. Niliinama kunyoosha utepe.

"Haya," akasema. "Kumbe ndiyo maana mlituhimiza tusome." Akajifunga khanga vizuri, akaenda kuangalia ng'ombe. Hakumwambia mtu yeyote. Sasa ni marehemu.

Nilimpelekea Kantibhai picha ya arobaini na moja pamoja na utepe. Alijibu kwa mistari miwili: Masikio haya ni ya Moti hasa. Nimeweka picha dukani kwa mwanangu. Baada ya hapo ziliendelea kuja barua, na kila moja iliuliza habari za wajukuu wa Moti, nami nilijibu kila moja, kwa namba na uzito, mpaka ilipokuja ya mwanawe, yenye habari za msiba.

Kwa miaka yote hiyo nilingoja rangi ya kahawia irudi kunisuta. Haikurudi. Mweupe kwa mweupe hutoa weupe tu. Kilichojitokeza ni kingine. Watoto na wajukuu wa arobaini na moja walizalisha mwezi wa pili kama mwezi wa nane, na taarifa zetu zikaanza kusifu ukoo safi uliozoea joto la pwani. Mikoa ikawaomba. Mwaka jana Rehema alinifuata ofisini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimepitia madaftari. Moti mwenyewe mwezi wa kwanza alikuwa hapati kitu. Mwanawe akapata. Hili amelitoa wapi?"

"Damu ina mambo yake," nikamjibu, na yeye kwa heshima hakuuliza tena. Aliandika kwenye kijitabu chake, na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Niliiona. Ni alama nzuri. Endelea kuziweka.

Rehema, kadi zako kumi na mbili nakurudishia bila sahihi. Fungua daftari la nne, mwezi wa tano, namba arobaini na moja. Usikwangue. Piga mstari mmoja katikati ya neno Moti, liendelee kusomeka. Juu yake andika: dume wa Mama Zuhura, Buguruni, kahawia, sikio la kulia limechanika, aliitwa Wewe. Niletee daftari nyumbani niweke jina langu pembeni, kisha tuandike kadi upya, zote kumi na mbili. Watu wa mkoani wakizikataa, sungura watazalisha hivyo hivyo.